Rangi Haifichi Kosa

Watoto wengi wanajua kutengeneza motokari ya nyuzi. Hukunja nyuzi, hukata mikebe, hufunga magurudumu, kisha huisukuma njiani kwa fimbo ndefu. Huko Marekani pia watoto hupenda motokari ndogo, na hata watu wazima huzipenda. Lakini nyingi za kwao hutoka dukani, nazo ni vipande vipande ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Mwenye kununua ndiye fundi. Ni kazi yake kuviunga vile vipande mpaka viwe motokari.

Katika jimbo la Michigan uko mji uitwao Flint. Kampuni ya General Motors ilianzishwa katika mji huo mwaka wa 1908, na kwa miaka mingi motokari za Chevrolet zilitengenezwa huko. Katika mji huo anakaa mzee mmoja. Baba yake alikuwa mtu wa kiwandani, na kazi yake ilikuwa kufunga motere. Mwaka wa 1957 baba huyo alinunua motokari mpya, Chevrolet Bel Air, ya rangi ya buluu, yenye paa jeupe. Wakati ule mzee alikuwa mtoto wa miaka minane. Motokari ile iliuzwa zamani, na haijulikani ilikokwenda. Imebaki picha moja tu ukutani: baba amesimama kando ya motokari yake, mkono wake juu ya kifuniko cha motere.

Tangu ujana wake mzee huyu huunga motokari ndogo za plastiki. Nyumbani mwake ziko nyingi, zimepangwa juu ya mbao. Lakini motokari ya baba yake hakuifanya. Kila mara alisema: «Ile nitaiunga siku nitakapokuwa fundi kweli kweli.» Miaka ikapita. Macho yake yakaingia ukungu, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Basi akamwita mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na miwili, akamwambia: «Mjukuu wangu, mimi ninaijua kazi hii, lakini macho na mikono imeniacha. Wewe una macho na mikono, lakini kazi huijui. Tukae pamoja, tutakuwa fundi mmoja.» Mvulana akafurahi sana.

Kazi hii ya kuunga motokari ndogo ilianzaje? Zamani viwanda vya motokari vilitaka wauzaji wao wawaonyeshe watu motokari mpya za kila mwaka. Basi viliagiza motokari ndogo za plastiki, zenye umbo na rangi za zile kubwa. Kampuni moja iliyozifanya ni AMT, iliyoanza katika jimbo la Michigan mwaka wa 1948. Mwaka wa 1958 AMT ikaanza kuuza vipande ndani ya sanduku, ili mnunuzi aunge mwenyewe. Sanduku moja liliweza kutoa motokari ya namna tatu: ya kawaida, au ya mapambo, au ya mashindano. Watoto wa Marekani wakazipenda mno, na makampuni mengine yakafuata.

Motokari hizo si za kukisia tu. Zina kipimo. Nyingi hufanywa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Maana yake, kila kitu hugawanywa mara 25. Chevrolet ya mwaka wa 1957 ilikuwa na urefu wa sentimita 508. Gawanya kwa 25, utapata sentimita 20 na kidogo. Mtu wa sentimita 175 angekuwa na kimo cha sentimita 7. Hapo utaona sababu ya fundi kujihadhari. Ukipaka rangi yenye unene wa milimita moja tu, ni kana kwamba umepaka motokari ya kweli rangi yenye unene wa sentimita mbili na nusu!

Siku ya kwanza mvulana alifungua sanduku, akataka kuanza kuunga papo hapo. Mzee akacheka. «Kwanza tuoshe vyombo,» akasema. Wakaviosha vipande vyote kwa maji na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha mzee akamwonyesha makosa ya vipande vyenyewe. Hapa mstari mwembamba, ndipo pande mbili za kalibu zilipokutana. Pale kishimo, ndipo plastiki iliponywea ilipokuwa ikipoa. Mvulana akauliza: «Babu, wametuuzia kitu kibovu?» Mzee akajibu: «Hapana. Wametuuzia mwanzo wa kazi. Mwisho wake ni wetu.»

Basi wakaanza kusahihisha. Mistari waliikwangua kwa kisu. Vishimo walivijaza mastiki, ile dawa nzito ya kuzibia, wakangoja ikauke, wakaisugua kwa msasa na maji mpaka kidole kisisikie kitu. Uso wa mbele wa Bel Air ulikuwa na wavu wa rangi ya dhahabu, lakini kipande cha sanduku kiling'aa cheupe tu kama kioo. Wakakipaka dhahabu kwa brashi yenye nywele chache. Mapambo ya ubavuni waliyafunika kwa karatasi ya metali nyembamba sana, wakaikata kando kando kwa ncha ya wembe. Siku hiyo mvulana alivuta pumzi polepole, asije akaipeperusha.

Kisha ikaja zamu ya motere. Motere ile ina silinda nane, na kila silinda ina buji yake iwashayo moto. Katika motokari ya kweli, nyuzi nane hutoka katika kikombe kigawacho moto, na kila uzi huenda kwenye buji yake. Lakini ndani ya sanduku hazikuwamo nyuzi. Mzee akatoa uzi mwembamba wa shaba, na mvulana akatoboa matundu madogo, akazitia nyuzi kwa kibano. Alipomaliza, alisema kwa furaha: «Babu, zote nane ziko!»

Mzee akauliza: «Uzi wa pili katika zamu unakwenda kwenye buji ya namba gani?»

«Sijui. Nimezitia tu.»

«Baba yangu alinifundisha zamu hiyo kabla sijajua kusoma vizuri. Moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Ndivyo moto unavyokwenda. Ukikosea, motere haitembei.»

«Lakini Babu, hii ni ya plastiki. Haitatembea hata kidogo. Na tena kifuniko kitaifunika. Nani atakayeona?»

Mzee akanyamaza kidogo, akatazama picha ukutani. Kisha akasema: «Baba alifunga motere za watu ambao hawakufungua kifuniko hata siku moja. Hawakuona kazi yake. Hata hivyo walifika kwao salama. Toa nyuzi, uanze tena.»

Mvulana alinuna, lakini alizitoa. Kazi ile ilimchukua jioni tatu.

Baada ya siku chache mzee alikwenda kwa daktari wa macho katika mji mwingine. Alimwambia mjukuu wake: «Nitakaa huko siku mbili. Wewe unga viti. Mwili wa motokari uache, umekwisha kusuguliwa vizuri na kupakwa rangi ya kwanza ya kijivu. Tutaupaka nyeupe na buluu nitakaporudi.»

Mvulana akaunga viti. Alitumia gundi ya maji maji. Gundi hiyo si kama ulimbo, ambao hunata tu. Yenyewe huyeyusha plastiki, pande mbili zikayeyuka pamoja na kuwa kitu kimoja. Viti vilipokuwa tayari, alitamani kujua kama vitaenea ndani ya motokari. Akashika mwili juu ya paa. Hakujua kwamba kidole gumba chake kilikuwa na gundi. Alipouweka chini, aliona alama ya kidole katikati ya paa, mistari yake yote, kama mtu aliyetia kidole kwenye karatasi ya serikali.

Moyo wake ukadunda. Akafuta kwa kitambaa. Alama ikazidi kupanuka. Ndipo alipofikiri: «Rangi itaificha.» Akatwaa rangi nyeupe, akapaka paa mara moja, mara mbili, mara tatu. Rangi ilipokuwa mbichi, alama ilipotea. Akashukuru, akaenda kulala. Asubuhi akarudi kutazama. Rangi ilikuwa imekauka, na alama ilikuwa pale pale. Tena sasa iling'aa! Kila mwanga wa taa ulipoangukia paa, kidole kilionekana kuliko jana.

Siku ya tatu mzee akarudi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake hayatarudi kama zamani. Akaketi mezani, akasema: «Nipe mwili niutazame.» Mvulana akampa, na mikono yake sasa ilitetemeka kuliko ya babu. Mzee akausogeza karibu na taa, akaugeuza huku na huku.

«Kumbe umekwisha kupaka paa,» akasema. «Haya, si kitu. Naona jeupe, naona safi. Umefanya vema, mjukuu wangu.»

Mvulana hakujibu. Alikuwa ameogopa kwamba babu ataona. Sasa alijua kwamba babu hawezi kuona, naye akasikia vibaya zaidi. Angenyamaza, mzee asingejua kamwe. Motokari ya baba yake ingewekwa chini ya picha, na kila mgeni angeona kidole kile juu ya paa, isipokuwa mwenyewe. Usiku ule usingizi haukumjia.

Kesho yake, baada ya masomo, alikuja mbio mpaka kwa babu yake. Akasema kabla ya kuketi: «Babu, paa si safi. Niliishika nikiwa na gundi. Nikapaka rangi ili usione. Nisamehe.»

Mzee akakaa kimya. Kisha akanyosha mkono wake. «Nionyeshe mahali. Peleka kidole changu.»

Mvulana akashika kidole cha babu, akakiweka juu ya alama. Mzee akapapasa polepole. «Ndiyo,» akasema, «ninaisikia. Hiki ni kidole kizima!» Akacheka, na mvulana akalia na kucheka pamoja. Halafu mzee akasema: «Sikiliza. Rangi haifichi kosa, hulitangaza. Rangi hufuata kile kilicho chini yake. Ukitaka paa jeupe, anza na plastiki, siyo na rangi.»

Wakautia mwili ndani ya alkoholi usiku mmoja, na rangi yote ikalegea. Wakaiondoa kwa mswaki mkuukuu. Mvulana alitaka kusugua mara moja, lakini mzee alikataa: «Plastiki iliyoyeyuka ingali laini ndani. Ukiisugua leo, itanywea kesho. Ngoja ikauke mpaka moyoni.» Wakangoja juma zima. Kisha wakatia mastiki, wakangoja tena, wakasugua kwa msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi. Wakapaka rangi ya kijivu, na kama shahidi mwaminifu rangi hiyo iliwaonyesha mistari miwili iliyobaki. Wakarudia. Mara ya tatu mvulana mwenyewe ndiye aliyesema: «Bado, Babu. Nimeona kitu kidogo.» Mzee hakukiona, lakini alimwamini, kwa maana alikwisha kujua kwamba macho ya mjukuu wake husema kweli.

Mwishowe wakapaka paa jeupe na mwili wa buluu, rangi nyembamba, mara nyingi, si nzito mara moja. Wakaweka motere mahali pake, pamoja na nyuzi zake nane, kila moja kwa buji yake. Mvulana akashika kifuniko, akauliza: «Nifunge?» Mzee akajibu: «Funga.» Akafunga, na nyuzi hazikuonekana tena.

Motokari ile sasa iko chini ya picha. Wageni wakija, husifu rangi yake. Hakuna aulizaye habari za nyuzi, wala hakuna ajuaye kwamba paa lilipata kuwa na alama ya kidole. Mzee hapendi kuishika kwa sababu ya mikono yake. Lakini mara nyingine, jioni, humwita mjukuu wake na kumwambia: «Niambie ikoje.» Na mvulana humweleza yote, kitu kwa kitu, naye mzee husikiliza akiwa amefumba macho.

Watoto, wahenga walisema: Njia ya mwongo ni fupi. Kosa la kazi hutengenezwa kwa msasa na saburi. Lakini kwanza lazima mwenye kosa aseme: «Ni mimi.»

Maulizo
1. Kwa nini vipande vya plastiki huoshwa kabla ya kupakwa rangi?
2. Motokari ya kweli ina urefu wa sentimita 450. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano, motokari ndogo itakuwa na urefu gani?
3. Kwa nini mvulana alisikia vibaya zaidi babu yake alipomsifu?
4. Mzee alisema: «Rangi haifichi kosa, hulitangaza.» Eleza maana yake kwa mfano wa kazi unayoijua.