Pembe Isiyo na Mwenyewe



Jioni moja ya mwezi wa Septemba uliopita, mtu mmoja alibisha hodi nyumbani kwetu hapa Bukavu. Alikuwa amevaa nadhifu, akasema kwa upole, akakubali kiti na kikombe cha chai. Baada ya salamu na habari za watoto, macho yake yalipanda ukutani, palipotundikwa msalaba wa marehemu baba. Msalaba wenyewe ni wa mti mweusi, lakini mwili wa Bwana wetu umechongwa kwa pembe ya tembo, urefu wake haupiti kiganja cha mkono. Mgeni alikuwa amekwisha kusikia habari zake. Akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko mshahara wangu wa miezi mingi. Aliponiona nasita, alicheka kidogo akasema: "Mwalimu, unaogopa nini? Kitu hiki ni cha zamani. Hakina mwenyewe."

Neno hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike.

Baba yangu alikuwa katekista. Alipotimiza miaka 25 ya utumishi, mwaka 1978, waamini walichanga fedha wakampa msalaba ule. Siku zile sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza pembe imetoka wapi. Mafundi walichonga rozari, shanga na sanamu za Bikira Maria, na vitu hivyo viliuzwa mchana kweupe. Mpaka mwaka 1989 ndipo mataifa yalipokubaliana kukataza biashara ya pembe kutoka nchi moja kwenda nyingine. Baba alisali mbele ya msalaba ule kila alfajiri mpaka Mungu alipomwita. Mimi niliurithi pamoja na deni dogo na jina jema.

Sasa niseme kweli yote. Mshahara ulikuwa haujafika kwa miezi kadhaa, na binti yangu wa pili alikuwa anaanza mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari. Mgeni yule sikumkatalia. Nilimwomba arudi baada ya siku tatu. Hilo naliungama mbele yenu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Juma lile nilikuwa natayarisha somo juu ya urithi, yaani jinsi mzazi anavyomwachia mtoto sura na tabia za mwili. Katika karatasi zangu nilikuwa na kurasa chache nilizoziweka zamani kwa ajili ya wanafunzi, zinazoeleza kazi ya mtaalamu mmoja wa Marekani, Samuel Wasser, wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Nilizisoma tena usiku, taa ikiwa karibu kuzimika, na msalaba wa baba ukiwa juu ya kichwa changu.

Mtu huyu hakuanza na tembo. Alianza na nyani, huko Mikumi, nchini Tanzania. Alitaka kujua jinsi taabu na hofu zinavyoathiri uzazi wa nyani jike. Lakini ukimkamata mnyama ili umtoe damu, unamtia hofu, na damu yenyewe inakueleza hofu uliyomtia wewe. Basi alijifunza kuokota kinyesi ambacho mnyama amekiacha nyuma yake kwa amani, na kupima ndani yake homoni zinazoonyesha hali ya mwili. Miaka mingi ya maisha yake ilipita katika kazi hiyo ambayo wengi wangeicheka.

Ilikuwa miaka ya mauaji makubwa. Tembo wa Afrika walikadiriwa kuwa milioni 1.3 mwaka 1979. Miaka kumi baadaye walibaki kama 600,000. Wasser amesimulia kwamba siku moja, akitembea porini Tanzania, alikuta mafuvu mawili yamelala karibu karibu, moja kubwa, moja dogo. Akaelezwa maana yake: wawindaji walimpiga kwanza mtoto, ambaye hakuwa na pembe za maana, ili mama aje kumlilia, naye apigwe. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa habari ya mama anayerudi kwa mtoto wake hali anajua hatari.

Kutoka hapo Wasser alijiuliza swali moja tu: je, pembe iliyokamatwa bandarini inaweza kutuambia tembo wake aliishi wapi? Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vinasaba, yale maandishi ambayo shuleni tunayaita ADN. Tembo wanaoishi mahali pamoja huzaana wao kwa wao, hata maandishi yao yanachukua lafudhi ya mahali pale. Sisi Wakongo twalielewa jambo hilo upesi. Mtu akifungua kinywa, kabla hajataja kwao, Kiswahili chake kimekwisha kumtaja: huyu wa Lubumbashi, huyu wa Kisangani, huyu wa Bunia. Lakini ili kutambua lafudhi ni lazima kwanza uwe umezisikia zote. Kwa hiyo Wasser na wenzake, pamoja na walinzi wa hifadhi katika nchi nyingi, walikusanya kinyesi cha tembo, kwa sababu juu yake hubaki chembe za utumbo zenye vinasaba. Kufikia mwaka 2015 ramani yao ilikuwa na sampuli 1,350 kutoka mahali 71 katika nchi 29 za Afrika.

Pembe nayo ni ngumu, na moto wa kusaga huharibu vinasaba. Basi hukatwa kipande kidogo, kikagandishwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika, baridi kupita barafu yoyote, mpaka kikawa chepesi kuvunjika. Ndipo husagwa kuwa unga, na maandishi yake yakasomwa na kulinganishwa na ramani.

Mwaka 2002 zilikamatwa Singapore tani 6.5 za pembe, katika kontena lililotoka Malawi na kupitia Afrika ya Kusini. Njia ya meli ilisema hivyo. Vinasaba vilisema zaidi: wengi wa tembo wale waliuawa Zambia na kandokando yake. Mwaka 2015 Wasser na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya pembe za tembo wa msituni walizochunguza, zilizokamatwa tangu mwaka 2006 hadi 2014, zilitoka katika eneo moja: misitu inayounganisha Kameruni, Gabon na Kongo-Brazzaville, pamoja na kipande jirani cha Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukubwa wa Afrika ulikuwa umewaficha wauaji. Kumbe walikuwa wanarudi pale pale, mwaka hata mwaka.

Kisha waliona jambo jingine. Tembo ana pembe mbili, lakini ndani ya kontena mara nyingi pembe moja ilikosa mwenzake. Walipotafuta, walimkuta mwenzake katika kontena jingine, lililokamatwa siku nyingine. Hizo zilikuwa shehena mbili, zenye hati mbili, na tembo mmoja. Kwa njia hiyo, mwaka 2018, walionyesha kwamba shehena zilizodhaniwa kuwa mbalimbali zilitoka mikononi mwa makundi makubwa matatu, yaliyopitishia mizigo yao Mombasa, Entebbe na Lomé. Mwaka 2022 walikwenda mbali zaidi. Katika pembe 4,320 walitafuta si mapacha tu bali pia jamaa: mzazi na mtoto, ndugu na ndugu. Familia iliyotawanywa katika makontena ilikusanywa tena mezani pa mtaalamu, ili itoe ushahidi juu ya waliowaua.

Na lile neno la mgeni wangu, kwamba ni kitu cha zamani? Wauzaji wengi husema hivyo. Majaribio ya mabomu ya atomiki ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha hewani alama ya kaboni ambayo imekuwa ikipungua mwaka kwa mwaka, na kila mwili ulio hai huibeba. Kwa alama hiyo wataalamu, Wasser akiwa mmoja wao, walipima mwaka 2016 umri wa pembe kutoka shehena 14. Karibu asilimia 90 zilikuwa za tembo waliokufa katika muda wa miaka mitatu tu kabla ya kukamatwa. Vilivyoitwa vya zamani vilikuwa bado na damu.

Msalaba wa baba ni wa zamani kweli. Lakini nilielewa usiku ule kwamba pembe ya zamani ikiuzwa leo inaifungulia mlango pembe ya jana. Mnunuzi akipata yangu kwa faida, atakwenda kutafuta nyingine, na ile nyingine bado inatembea msituni. Hapa kwetu jambo hili si hadithi ya mbali. Tembo wa milima ya Kahuzi-Biega, ambao wazee wetu waliwaona kwa macho, karibu wote walimalizwa katika miaka ya vita.

Nilifikiri pia juu ya chanzo cha elimu yenyewe. Sheria za urithi zilivumbuliwa na mtawa, Gregor Mendel, Mwagustino wa monasteri ya Brno. Alipanda njegere bustanini, akazihesabu maelfu kwa maelfu, akachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Alikufa mwaka 1884 bila dunia kumsikiliza, na ulimwengu ulimkumbuka mwaka 1900. Njegere za mtawa, kinyesi cha tembo: Mungu hupenda kuficha ukweli mkubwa ndani ya vitu ambavyo wenye haraka huviruka. Anayetaka kuupata inampasa ainame.

Lakini mtaalamu hana bunduki wala pingu. Kipande cha pembe hakifiki mezani pake kama hakuna mtu wa forodha aliyekubali kulifungua kontena, na ushahidi wake haumgusi mhalifu kama hakuna hakimu wa kuupokea. Kati ya msitu na bahari kuna mikono mingi inayotia sahihi, na kila sahihi ina bei yake. Hapo nilimkumbuka ndugu yetu Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, mlei kama sisi. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie maskini, akauawa mwezi wa Julai mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Nadhani yeye na mtaalamu wa Seattle wangeelewana bila mkalimani. Mmoja alisoma maandishi yasiyohongeka, mwingine alikuwa yeye mwenyewe maandishi yasiyohongeka.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba Espérance, wewe utawafundisha watoto wa watu kwamba kila pembe ina jina, halafu sisi tuuze jina hilo kwa siri?" Sikuwa na la kujibu.

Mgeni alipokuja nilimpa chai tena, nikamwambia kwamba kitu kile kina mwenyewe. Aliuliza ni nani, maana baba yangu amekufa. Nikamwambia: aliyeibeba kwanza pembe ile alipewa na Muumba wake, na sisi hatujawahi kumwuliza. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaaga. Nilisikia kwamba alipata kitu kama hicho katika nyumba nyingine. Sikuuponya ulimwengu siku ile.

Shule ilikubali tulipe kidogo kidogo. Binti yetu alifanya mtihani wake, na deni tunaendelea kulipunguza. Kuhusu msalaba, nilikwenda kwa Padri Paroko. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba moyo mwema peke yake hautoshi, yafaa tujue na sheria ya nchi juu ya kitu kama hicho. Tumewaandikia pamoja wenye madaraka ya kulinda viumbe vya mwitu, tukieleza ulivyotufikia, na tunangoja jibu. Wakituambia tuukabidhi, tutaukabidhi, ijapokuwa itaniuma. Baba hakusali kwa pembe, alisali kwa Yeye aliyesulubiwa, na Huyo hatabaki ukutani.

Kwa sasa upo bado mahali pake. Lakini siwezi tena kuutazama kama zamani. Nauona mwili wa Bwana, na ndani ya mwili huo nauona mwili mwingine, wa kiumbe kilichokufa mahali nisipopajua, labda akiwa na mtoto kando yake. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha katika barua yake Laudato Si', mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Katika nchi yetu, ambamo ndugu zetu wengi wamelala katika makaburi yasiyo na majina, nisingependa kukubali kwamba kuna mwili wowote usio na mwenyewe.

Katika mkutano wa shirika juma hili, naomba tuulizane kwa unyofu: nyumbani kwangu, kazini kwangu, sokoni kwangu, ni kitu gani nimekipokea au kukipitisha kwa kujiambia kwamba hakina mwenyewe? Na Mwenyeheri Floribert atuombee, ili mkono wetu uwe mzito mbele ya sahihi ya uongo, na mwepesi kuinama mahali ukweli ulipolala.