Shemeji, Nakuandikia Kutoka Akron

Shemeji,

Niko Ohio. Dada yangu na watoto wasalimie. Mtoto wa kaka amehitimu, picha utaziona. Sherehe ilifana, ila mezani chupa zilizidi sahani, nami nikajua kabla ya kulala: kesho lazima nitafute kikao.

Uliniuliza mwaka jana vikao hivi hupatikanaje, ukajifanya unamuulizia rafiki. Basi mwambie rafiki yako hivi. AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wana programu ya simu iitwayo Meeting Guide. Ukiifungua unaona vikao vya karibu, siku na saa, na kama ni kikao cha wazi anachoingia yeyote au ni cha wenye nia ya kuacha pombe peke yao. Huku ni vingi kama vituo vya matatu. Lakini kutoka Cleveland, tulikokuwa, hadi Akron ni kama kilomita 60 tu, nikamwambia huyo kijana wa kaka, nipeleke kule kule AA ilikoanzia.

Akron ni mji uliotajirika kwa matairi, kina Goodyear na Firestone. Mpira huo ndio uliomleta Bill Wilson mwaka 1935. Alikuwa mtu wa hisa kutoka New York, akaja kupigania uongozi wa kampuni ya mashine za mpira, akashindwa. Akabaki peke yake katika hoteli ya Mayflower, hana pesa za maana, na alikuwa na miezi mitano hivi tangu aache kunywa. Upande mmoja wa ukumbi baa, upande wa pili simu. Mimi na wewe twajua miguu huelekea wapi! Yeye akaifuata simu, akatazama orodha ya makanisa, akampigia kasisi Walter Tunks na kuomba aonyeshwe mlevi wa kuongea naye.

Hapo, shemeji, rudia kusoma. Hakuomba dawa wala kuombewa. Aliomba mlevi mwenzake, kwa sababu alishagundua kwamba akikaa na mlevi na kusema naye, hamu yake mwenyewe hupoa.

Simu moja ikazaa nyingine mpaka akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemjua daktari wa upasuaji asiyeweza kuacha chupa, Bob Smith. Wakakutana kwa huyo mama tarehe 12 Mei. Daktari alikuja na hangova yake, akasema anatoa dakika 15 na si zaidi. Aliondoka usiku, baada ya saa sita za mazungumzo.

Nyumba ya huyo daktari bado ipo, mtaa wa Ardmore, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Ni ya kawaida kabisa, ina baraza mbele na ngazi za mbao, na mlangoni walitupokea kama watu waliokuwa wakitusubiri. Hapo niliikumbuka ile habari ya bia. Daktari aliteleza mara moja baada ya kukutana na Bill. Asubuhi alipotakiwa kupasua mgonjwa, mikono ilikuwa ikitetemeka, na Bill mwenyewe akampa bia ili itulie. Ikawa ndiyo ya mwisho. Siku hiyo, 10 Juni 1935, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao. Dkt. Bob alifariki mwaka 1950 bila kuonja tena.

Kikao chenyewe kilikuwa chini ya kanisa. Viti vya kukunja, na kahawa nyepesi ambayo muuza kahawa yeyote wa Makadara angeimwaga. Hakuna aliyeniuliza ukoo, pasipoti wala kazi. Nilitaja jina langu la kwanza, nikasema mimi ni mlevi, wote wakaniitikia kwa jina. Kapu likapita, mgeni halazimiki kutoa, na AA hawapokei pesa kutoka nje. Mwenye siku moja tu bila pombe alipigiwa makofi kushinda wakongwe. Waliyoyasema nayaacha humo, ndiyo sharti.

Najua utauliza: je, si dini hiyo? Chumba hukodiwa, basi. Hatua 12 wanazozifuata zinamtaja Mungu, kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Sala ya kufungia niliisema kimoyomoyo, kwa lugha yangu, na hakuna aliyenigeukia.

Sasa neno moja ambalo sitanii. Kama mikono ya huyo rafiki yako hutetemeka asubuhi kabla ya kufika mangweni, aanze kwa daktari kwanza. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kufa. Kikao hakitibu hilo, hospitali ndiyo inayotibu.

Dada yangu naye ana kikao chake. Lois, mke wa Bill, ni miongoni mwa walioanzisha Al-Anon mwaka 1951, kwa ajili ya jamaa za walevi. Anayelala macho akisikiliza lango naye anahitaji watu wa kusema nao.

Huko Kenya vikao vya AA vipo, na vingine hufanyika kwa intaneti, kwa hiyo usiniambie ni mbali. Piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo, uulize kikao kilicho karibu nawe. Nikirudi tutakwenda pamoja, lakini usinisubiri. Nenda wiki hii.

Wako,
Shemeji yako