Umenawiri

"Umenawiri wewe!" mama mboga aliniambia, na mamangu akacheka kwa furaha. Hakujua baadaye nililia chooni. Olanzapini ilikuwa imezima sauti zilizonitukana usiku kucha, lakini ikaniwashia njaa isiyoisha. Saa nane usiku niko jikoni, gizani, nakula ugali baridi. Miezi sita, kilo 14.

Basi nikaanza kuficha tembe chini ya ulimi. Wiki ya tatu sauti zikarudi, mwanzo kwa heshima, kama wageni wanaobisha hodi. Halafu zikakaa.

Kliniki nilienda nikijua nitagombezwa. Daktari aliuliza tu, "Ulikuwa unakimbia nini?" Nikamwambia: huu mwili. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Tukabadilisha dawa polepole, tukipima uzito na sukari kila nikienda.

Siku hizi mkono unatetemeka kidogo nikimimina chai. Mama huona, hunyamaza, hunishikia kikombe. Sijapona vile watu husema kupona. Lakini usiku nalala, na asubuhi akiniuliza, namwambia ukweli: nimemeza, ama sijameza.