Katambuga na Akili ya Fundi

Neno usanifu likitajwa, wengi wetu hukumbuka meza ya kuchorea, rula na bikari. Ni nadra kumkumbuka fundi wa katambuga aketiye kando ya soko mjini Arusha. Hata hivyo, yeye naye ni msanifu, ingawa mchoro wake haumo katika karatasi.

Tumtazame kazini. Malighafi yake ni tairi la gari lililochakaa. Mteja hukanyaga kipande cha mpira, fundi akazungusha chaki kuufuata mguu, kisha akakata kwa kisu kikali alichokilowesha maji ili kisikwame. Kanda hupatikana katika tabaka jembamba la mpira uleule, zikapigiliwa misumari. Mpira uliohimili barabara huhimili pia miiba na mawe ya malishoni. Fundi hakuanza kwa umbo. Alianza kwa kitu alichonacho, akakiuliza kinaweza nini.

Fikra hii si ngeni Mlimani Meru. Kabla ya ukoloni, Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kupeleka maji ya mito mashambani, mteremko wenyewe ukiwa kipimo chao.

Lakini tusiusifu umaskini. Koroboi ya mkebe hutoa mwanga. Hutoa pia moshi, na huweza kuteketeza nyumba. Kitu hakiwi chema kwa sababu tu tumekiunda wenyewe. Ubunifu wa papo kwa papo wahitaji kujaribiwa na kurekebishwa. Ndiyo maana kuundwa kwa SIDO mwaka 1973, na kwa CAMARTEC hapa Arusha mwaka 1981, kulikuwa na maana kubwa. Katika miaka ya 1980 CAMARTEC ilieneza mitambo ya gesi ya samadi: kuba lililojengwa chini ya ardhi, kinyesi cha ng'ombe wa nyumbani kikawa moto wa jikoni.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya shule inayomtenga kijana na kazi ya jamii yake. Onyo hilo lingali na uzito. Kijana afundishwaye kumdharau fundi atanunua maisha yake yote hata vile ambavyo mikono yake ingeweza kuvitengeneza. Basi walimu, ileteni katambuga darasani. Waulizeni wanafunzi kwa nini imekatwa hivyo, na wao wangeiboreshaje.