Moteri Kubwa au Moteri Ndogo?

Katika kiangazi cha mwaka 2024 halmashauri ya parokia yetu ilikata shauri kuliuza gari la misheni. Lilikuwa Land Cruiser la zamani, lenye moteri ya mazutu ya lita 3.4 na silinda 4, nalo lilikuwa limekwisha kuwatumikia mapadri watatu waliofuatana. Lilibeba mahindi, saruji, watoto wa mtihani, maharusi na maiti. Siku zake za mwisho halikuweza kupanda mlima kutoka ziwani pasipo abiria wote kushuka na kulisukuma, na Padri mwenyewe akisukuma pamoja nao. Kwamba lazima tupate jingine, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya moteri.

Tuliletewa magari mawili kwa bei zilizokaribiana. Moja lilikuwa Land Cruiser lililokwisha kutumika, lenye moteri ya lita 4.2, silinda 6, isiyo na turbo, ya aina ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Jingine lilikuwa pikapu iliyo karibu mpya, yenye moteri ya lita 2.8, silinda 4, pamoja na turbo.

Sisi tulikuwa upande wa ile ndogo, tena kwa sauti kubwa. Kazi yetu ni ualimu, wala si ufundi wa magari. Lakini mtu aliyesomeshwa mantiki katika seminari hakosi kupenda kushinda. Tukashika chaki. Tukawaeleza wazee kwamba lita za moteri si lita za tangi, bali ni nafasi iliyomo ndani ya silinda zote, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Nafasi ikiwa kubwa, hewa nyingi huingia, na mazutu mengi huweza kuungua. Lakini turbo ni gurudumu dogo lenye mapanga, huzungushwa na moshi unaotoka, nalo huisukuma hewa ndani ya silinda kama mhunzi avukutavyo moto wake. Ndiyo maana ile ndogo, kwa namna yake iliyotoka mwaka 2020, hutoa nguvu za farasi 204, na ile kubwa hutoa kama 130 tu.

Tena sisi twakaa juu ya Marungu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na uwanda wetu wapita mita 2,000. Kila upandapo mita 1,000, hewa hupungua uzito karibu kumi kwa mia. Moteri isiyo na turbo huvuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Ikifika kwetu imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika tano za nguvu yake. Tukaandika ubaoni: katika farasi 130, wabaki 104. Wanafunzi wa darasa la sita, waliokuwa wakichungulia dirishani, wakapiga makofi. Tulifurahi mno.

Fundi wetu mzee aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema: «Mwalimu, hesabu yako ni njema. Sasa niandikie hapo: maji ndani ya mazutu ni farasi wangapi?» Watu wakacheka. Nasi tulicheka, huku tukimhesabu moyoni kuwa mtu wa zamani.

Shauri likaahirishwa. Kwa kungoja, parokia ilikodi kwa miezi 3 pikapu ya kampuni nyingine kabisa, ambayo jina lake halina haja hapa, nayo ilikuwa na moteri ndogo ya turbo. Tukaiona kuwa shahidi wetu. Kweli ilipanda mlima kama mbuzi, na mahali gari la zamani lilipokunywa lita 14 kwa kilometa 100, hiyo ilitosheka na 10.

Usiku mmoja wa mvua, katika mwezi wa pili wa kuikodi, mama wa mwanafunzi wetu alikuwa na uchungu tangu siku mbili. Mkunga wa zahanati akasema ashushwe upesi hospitalini, chini upande wa ziwa. Tangi lilikuwa karibu tupu. Sisi ndio tuliokwenda kununua bidoni ya lita 20 kwa mchuuzi wa njia panda. Sisi ndio tuliomimina, kwa taa ya simu, bila kitambaa cha kuchujia, kwa ajili ya haraka.

Katikati ya mteremko taa ya manjano iliwaka mbele ya shofere, moteri ikakohoa, ikanyamaza. Shofere akafungua chini ya chujio, akamwaga maji, akasukuma pampu ya mkono, akajaribu tena na tena mpaka betri ikalegea. Bure. Wanaume wa kijiji cha karibu wakaja na kipoyi. Mtoto alizaliwa njiani kabla hatujafika, dhaifu, akipumua kwa shida. Tulimbatiza kwa maji ya mvua tuliyoyakinga kiganjani, tukamwita Yohane, maana hatukuweza kumwuliza mama jina alilolitaka. Aliishi muda usiotosha kumaliza nusu ya rozari. Mama alipona, shukrani kwa Mungu na kwa wale wanaume waliombeba saa nne gizani.

Siku ya tatu fundi alishuka pamoja nasi kuitazama pikapu. Hakutukumbusha swali lake. Alituonyesha tu jinsi ilivyo: katika moteri hizi mpya, pampu huyasukuma mazutu kwa nguvu inayopita mara 2,000 ya uzito wa hewa, kwa matundu membamba sana, na mazutu hayo yenyewe ndiyo mafuta ya kuilainisha pampu. Maji hayalainishi kitu. Chuma husaga chuma, na unga wake huenda mbele ukaharibu yote. «Ile kubwa nayo huumwa na maji, Mwalimu, usidanganyike sasa kwa upande wa pili. Lakini pampu yake ni chuma kitupu, haina ubongo wa umeme. Mara nyingi utamwaga maji, utatoa hewa, nayo itakufikisha, ingawa kwa kulalamika.» Gharama ya kuitengeneza ilitoka katika fedha za kununulia gari.

Halmashauri ilipokutana tena tulidhani wote watasema: kubwa. Baba wa yule mtoto akaomba neno.

«Padri, nanyi wazee wangu, mwaka juzi mke wa kaka yangu aliushuka mlima huu kwa miguu, mimba ikiwa ya miezi tisa. Gari lilikuwapo, zima kabisa. Lilikosa mazutu, kwani ilikuwa tarehe 26 na sanduku la parokia lilikuwa tupu. Leo mwataka moteri inayokunywa zaidi. Nani atainywesha?»

Hakuna aliyejibu. Kati ya yote yaliyosemwa katika shauri lile, na sisi tulisema mengi, twaona neno hilo ndilo lililokuwa zito kupita yote. Gari lililosimama kwa kukosa mazutu halina tofauti na gari lililoharibika, kwa mgonjwa anayelingojea. (Hata ninyi mnaobishana juu ya pikipiki ya 125 na ya 150, mwaijua hali hii mwisho wa mwezi.)

Safari hii tulishika chaki pole pole. Gari la misheni huenda kama kilometa 600 kwa mwezi. Kubwa, kwa njia zetu, fundi alikadiria lita 15 kwa kilometa 100, ndogo, 10. Tofauti ni lita 30 kila mwezi, yaani bidoni moja na nusu. Parokia ina jumuiya 10. Kila jumuiya ikikubali kutoa lita 3, ile tofauti yatoweka. Wazee wakaenda kuuliza nyumbani. Jumuiya 8 zikakubali mara moja. Mbili zilinung'unika mpaka Noeli, kisha zikatoa.

Tukanunua lile la lita 4.2. Nyuma ya sakristia kuna pipa lenye kufuli, ambalo halifunguliwi ila kwa ajili ya wagonjwa, na sisi tumepewa ufunguo wake pamoja na kazi ya kuchuja. Mazutu hulazwa siku mbili ili maji yatulie chini, ndipo huchotwa ya juu na kupitishwa katika kitambaa. Tangu Januari 2025 hata Pasaka gari lilishusha wazazi 5, usiku mara 3.

Likipanda na magunia ya mahindi, tangu kona ya tatu hupumua kwa shida na kutoa moshi mweusi, sawasawa na ile hesabu yetu ya farasi 104. Wanafunzi hawajaisahau. Tukirudi kutoka ziwani hutuuliza kama farasi wote wamefika.