Mgeni, Mwenyeji na Kiingereza cha Nyarusange

Wakati wa utoto wangu, Kiingereza kilitufikia Nyarusange, Burundi, kupitia mlango wa Kifaransa. Shule ya msingi tulisoma Kirundi na Kifaransa. Kiingereza tulikikuta sekondari, na kila neno jipya lilifafanuliwa kwa Kifaransa. Mwalimu aliugawa ubao kwa mstari wa chaki, kushoto Kiingereza, kulia Kifaransa, nasi tukanakili.

Tabu ilikuwa kwenye maneno ya jozi. Aliandika guest, chini yake host, na mbele ya yote mawili akaandika hôte, maana Kifaransa humwita hivyo anayebisha hodi na anayemkaribisha. Learn na teach yakapata apprendre. Rent na let yakaangukia louer, mpangaji na mwenye nyumba wakawekwa chini ya kitenzi kimoja. Tulikariri hadi siku ya mtihani, na mtihani ukipita tunayachanganya kama kawaida. Tuliambiwa sisi wavivu. Uvivu gani, ilhali madaftari yetu yalikuwa na jibu lilelile mara mbili?

Mambo yalianza kugeuka katikati ya miaka ya 2000. Kiingereza na Kiswahili viliingizwa shule za msingi, na mwaka 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilikuwa nimeshashika chaki mwenyewe. Huku kwetu milimani, mbali na Buyenzi na Rumonge ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, walimu wengi walinung'unika: mtoto wa mkulima wa kahawa abebe lugha nne kwa mpigo?

Kisha, kuanzia mwaka 2008, familia za waliokimbia Burundi mwaka 1972 zikaanza kurejea kwa wingi kutoka makazi ya Mishamo, Ulyankulu na Katumba nchini Tanzania. Watoto wao wachache wakafika hadi darasani kwangu, Kiswahili kimewakaa, Kifaransa hawakijui. Siku moja nikieleza guest na host kwa njia ile niliyorithi, msichana aliyezaliwa Mishamo akanyoosha mkono.

"Samahani Mwalimu, si ni mgeni na mwenyeji tu?"

Darasa zima likamgeukia. Nikamwuliza rent na let. "Kupanga na kupangisha." Learn na teach? "Kujifunza na kufundisha." Remember na remind? "Kukumbuka na kukumbusha." Hakusita hata mara moja.

Kwenye vitenzi, siri yake ilikuwa kile kiungo kidogo cha -sh-, kinachomhamisha mtendaji upande wa pili wa jambo: anayekopa anapokea, anayekopesha anatoa. Na Kirundi chetu kina kiungo cha namna hiyo. Kwiga ni kujifunza, kwigisha ni kufundisha. Tulikuwa nacho midomoni tangu utotoni, ila ubaoni hakikuwa na nafasi.

Hata hivyo Kiswahili nacho huchanganya mambo. Mtu husema "nimeazima kitabu" na pia "niazime kitabu", kitenzi kilekile kwa anayechukua na anayetoa. Ndiyo maana haohao watoto wa Mishamo waliandika borrow me a pen. Hapo wenzao wa Nyarusange waliwapita, kwa kuwa Kirundi hutenga gutira, kwa anayechukua, na gutiza, kwa anayetoa. Hand na arm kwa Kiswahili yote ni mkono, foot na leg yote ni mguu. Kifaransa, kilichotusumbua kwa hôte, huvitenga bila shida: main na bras, pied na jambe.

Basi nikaacha safu mbili, nikachora nne. Jozi ikija tunajaza Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, kisha tunatafuta ni lugha ipi iliyoweka maneno mawili tofauti. Ikipatikana hata moja, kazi imekwisha, na aliyeizoea huwaeleza wengine.

Tangu hapo Kiingereza kimefanywa lugha rasmi, mwaka 2014. Wanafunzi wakubwa wana simu zinazotafsiri. Lakini ukiiandikia simu neno kuazima peke yake, haina namna ya kujua kalamu ni ya nani. Hilo bado ni juu ya mwanafunzi.

Zimebaki jozi zinazozishinda lugha zetu zote, kubwa kuliko zote do na make. Kufanya, faire, gukora: hakuna inayotoa msaada wa kutosha. Kwa hizo tunarudi kwenye kukariri, make a mistake, do your homework, kama nilivyofanya mimi. Ila zamani tulikariri kila kitu bila kujua sababu. Leo wanafunzi wanakariri jozi chache tu, baada ya kuzipitisha kwenye lugha tatu na kuona wenyewe kwamba hakuna njia nyingine.