Kibuyu Nyuma ya Kioo

Kogo ana miaka 82 na alikuwa hajawahi kufika Nairobi. Kwa hivyo Agosti, shule zilipofungwa, mimi, Mama na mdogo wangu tulimpandisha matatu pale Sotik. Kaplong, Bomet, Narok. Mai Mahiu akauliza kama lile bonde lote lina mwenyewe.

Kesho yake tukaenda Makumbusho ya Taifa. Nilikuwa nimejipanga kumtembeza kama mtalii. Nikaanza na sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, sababu ya zile pembe zake. Kogo akamkagua kutoka miguu hadi masikio.

"Na yeye pia alikufa?"

"Alikufa 1974, Kogo. Uzee."

"Basi walimtunza vizuri."

Ndani nikamwonyesha yule kijana wa Turkana. Nikamwaga data yote: alipatikana Nariokotome mwaka 1984, Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza, ameishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Kogo alikuwa na swali moja tu. "Huyu alikufa akiwa mtoto. Mama yake alikuwa wapi?" Mdogo wangu alitaka kucheka, akaacha.

Kwenye vyombo vya nyumbani ndipo aliposimama kabisa. Kibuyu cha maziwa, kama vyetu vya mursik, kiko nyuma ya kioo.

"Nani hukiosha?"

"Hakioshwi, Kogo. Kimehifadhiwa."

"Kibuyu kisichotiwa maziwa hukauka kikapasuka." Kisha akanigeukia. "Kile nilichokupa kiko wapi?"

Mama akaangalia sakafu. Anajua. Nilipoenda chuo Kogo alinipa sotet aliyoitengeneza mwenyewe, pamoja na sosiot ya kuisugulia na makaa ya senetwet yaliyofungwa kwa gazeti. Makaa sijui yalienda wapi. Sotet iko kwangu Rongai, kando ya TV, nimeitia maua makavu. Wageni huipiga picha, nami hujivunia mila zetu hadi chai inapoa.

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Iko kwa nyumba. Ina maua."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

Jioni alitoa maua moja moja, akayaweka juu ya meza. Akanusa ndani ya kibuyu, akapitisha kidole ukingoni. Nikamletea makaa ya jiko nikidhani nasaidia. "Hayo ni ya kupikia ugali," akasema, akakifunga kibuyu ndani ya leso yake.

"Nitakurudishia ukijua kukiosha."

Alirudi nacho Sotik Jumapili, amekipakata safari nzima, Mama anasema. Mimi nimeshaomba likizo ya Desemba. Nimemwambia bosi naenda shule, na sijamdanganya.